Uzi: P2 huhesabiwa kwa saa. Mbona tumewaachia mashirika ya misaada?

MwanaMalindi (mwanzisha uzi)

Wakuu, hamjambo. Mods, naomba uzi huu ubaki jukwaa la afya, msiuhamishie kule kwenye mapenzi na mahusiano. Ninayoyaleta ni mambo ya hospitali na kodi zetu.

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu yote nimeifanya Kaunti ya Kilifi. Nilianzia kituo cha serikali, nikaingia mradi wa shirika moja la afya ya uzazi, mradi ukaisha, nikarudi serikalini. Pande zote mbili nazijua.

Kwanza tuelewane kuhusu dawa yenyewe, maana humu nimesoma mengi ya kutisha watu bure. P2, yaani tembe za dharura za kuzuia mimba baada ya tendo, ni levonorgestreli, jumla miligramu 1.5. Pakiti nyingi huja na tembe mbili za miligramu 0.75, nyingine tembe moja tu. Zamani tulifundishwa umeze moja sasa na ya pili baada ya saa 12, na wauzaji wengi hadi leo ndivyo wanavyoelekeza. Lakini utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2002 ulionyesha kwamba ukimeza zote kwa pamoja matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo meza zote, umalize, usingoje usiku wa manane ukapitiwa na usingizi. Ukitapika ndani ya saa mbili, rudia dozi.

Dawa hii huchelewesha yai kutoka. Basi. Mimba iliyokwisha kutunga haiitoi wala haimdhuru mtoto. Haifungi kizazi hata ukiwa umeimeza mara kadhaa, ingawa itakuvuruga siku zako, na haifai kuwa njia ya kila wiki kwa sababu inashindwa mara nyingi kuliko sindano, vijiti au koili. Haizuii HIV wala kaswende. Na kama yai limeshatoka, P2 haina la kufanya. Ndiyo maana kuna waliomeza mapema wakashika mimba, wakaamini wameuziwa unga.

Sasa tazameni hizi tarakimu. Utafiti wa Shirika hilohilo la Afya Duniani uliotoka 1998: kwa waliomeza ndani ya saa 24, ilizuia asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa. Kati ya saa 25 na 48, asilimia 85. Kati ya saa 49 na 72, asilimia 58. Baada ya hapo, hadi saa 120, bado inafaa kujaribu, lakini nguvu imeshapungua.

Yaani kila kizuizi tunachokiweka kati ya mwanamke na tembe zile, gharama yake ni hizo asilimia. Safari ya bodaboda kutoka ndani Ganze au Magarini hadi penye duka la dawa ni asilimia. Nauli ya kukopa ni asilimia. Duka kufungwa Jumapili ni asilimia.

Twende dukani. Msichana anaingia, anakuta wateja wanne. Anajifanya anaangalia dawa za meno. Wakipungua anaandika herufi mbili kwenye simu, anaigeuza kioo kimtazame muuzaji. Muuzaji mwenye utu anaichukua pakiti, anaifunga kwenye gazeti, anaeleza kwa sauti ya chini. Mwingine anauliza kwa nguvu, "Ni P2 unataka?" Duka zima linageuka. Huyo ataondoka, na atakayoipata jioni, akiipata, itakuwa ya kuletewa na mtu, bila maelezo yoyote.

Halafu twende zahanati ya serikali. Ukiulizia sindano, vijiti au koili utapewa, zikiwepo. Ukiulizia P2, kwa nilivyoona mimi mara nyingi, unajibiwa kwa swali: "Umebakwa?" Kwa sababu kichwani mwa watumishi wengi tembe zile ni mali ya sanduku la manusura wa ubakaji, na asiyebakwa akanunue. Mke wa mtu aliyepasukiwa na kondomu usiku hana mahali kwenye daftari letu.

Hata kwa aliyebakwa, ambako sheria iko wazi, kuna pengo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema gharama za matibabu yake ni za serikali. Mwongozo wa taifa unasema matibabu hutangulia polisi: dawa za kuzuia HIV ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Na bado nimewahi kukaa na mama na bintiye wa darasa la nane tangu Ijumaa usiku, tembe tunaziona kwenye kabati la kioo, ufunguo uko na mtu aliyekwenda mazishini Kaloleni. Kabati lilifunguliwa Jumapili mchana. Yule mtoto hakuwa na haja ya mkutano wa uhamasishaji wala fulana yenye ujumbe. Alihitaji kabati lifunguliwe Ijumaa.

Nakuja kwa mashirika. Mimi siyadharau, na anayeyadharau hajui historia. Dawa hii haikuletwa na wizara. Katikati ya miaka ya 1990 mashirika saba, yakiwemo Population Council, PATH, Pathfinder na IPPF (shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango), yaliunda muungano wa kimataifa wa dawa za dharura za kuzuia mimba, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kufanyiwa kazi, pamoja na Meksiko, Indonesia na Sri Lanka. Wao ndio waliokaa na kiwanda cha Gedeon Richter cha Hungaria kuhusu Postinor-2 na bei ya sekta ya umma. Jina P2 limetoka kwenye pakiti ile.

Na huduma kwa waliobakwa ni vivyo hivyo. Miaka ya 2000 mwanzoni, kabla nchi haijawa na mwongozo wowote, shirika la Kenya la LVCT lilijaribu huduma kamili kwenye hospitali za wilaya za Thika, Rachuonyo na hapa kwetu Malindi. Hospitali ya Nairobi Women's ilifungua kituo cha manusura 2001. Mwongozo wa kwanza wa taifa, wa 2004, ulijengwa juu ya kazi za namna hiyo. Baadaye Madaktari Wasio na Mipaka wakafungua Lavender House, kliniki ya manusura, upande wa Mathare, Nairobi. Kwa hiyo heshima yao ipo.

Lakini angalieni kilichotokea 2025. Januari 20 Marekani ikasimamisha misaada. Siku chache baadaye ikarudisha ile sera ya tangu enzi za Reagan, 1984, ya kuyanyima fedha mashirika ya nje yanayogusa habari ya utoaji mimba, hata kama yanaigusa kwa fedha zao wenyewe. Julai 1 USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi. Mwezi huohuo dunia ikasikia kuna shehena ya vijiti, sindano, vidonge na koili ya takriban dola milioni 9.7 imekaa kwenye ghala la Geel, Ubelgiji, na uamuzi ni iteketezwe. IPPF ilijitolea kuichukua. MSI, shirika jingine la afya ya uzazi, ilijitolea kulipia usafiri. Walikataliwa. Kwa hesabu ya IPPF, asilimia 77 ya shehena ile ilikuwa ya nchi tano za Afrika: Kongo, Kenya, Tanzania, Zambia na Mali.

Hoja yangu ni hii. Huduma yenye kipimo cha saa haiwezi kukaa juu ya fedha zinazoweza kukatwa kwa saini moja ya mtu asiyejua Ganze iko wapi. P2 ni dawa ya bei ndogo, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kaunti inaweza kuinunua. Iwekwe kila zahanati, kwa kila anayeiomba, bila swali la "umebakwa?", na kabati lake liwe na ufunguo kwa muuguzi wa zamu, usiku na mchana. Mashirika yabaki na yale ambayo serikali haijui kuyafanya vizuri: kumsindikiza manusura, kuwafundisha wauzaji wa maduka, kwenda kwa vijana wasiotukanyagia mlango, na kutupeleka mahakamani tukilala.

Nawasilisha.

BabaKisauni

Sheikh/dada, nimekusoma hadi mwisho na naheshimu kazi yako. Lakini mimi ni mzazi wa mabinti watatu. Ukiiweka kila zahanati, bure, bila swali, si unawaambia watoto wetu wafanye watakalo, asubuhi kuna dawa? Hapa mtaani mvulana ndiye anayenunua, anamtumia msichana. Hofu ya mimba ilikuwa ukuta. Ukuta ukianguka HIV itawamaliza. Na neno la mwisho la malezi liwe la mzazi, lisiwe la shirika la London wala la muuguzi.

MwanaMalindi

Ni dada, BabaKisauni, na shikamoo. Hofu yako ya HIV ni hofu yangu pia. Vijana wetu wanaogopa mimba kuliko virusi, hilo naliona kila wiki, na muuzaji anayetoa P2 bila kuuliza habari ya kipimo na kondomu anafanya nusu ya kazi.

Ila ule ukuta, baba yangu, haukuwahi kusimama. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba, na Samburu ni nusu. Huko Samburu hakuna P2 za kumwaga. Hofu ilikuwepo na mimba zikawepo. Na mvulana kumtumia msichana anaweza leo kwa sababu ni duka tu lenye dawa. Msichana akija zahanati anakaa na mimi mlango umefungwa, namuuliza ana miaka mingapi, huyo mwanamume ni nani, alikubali au alilazimishwa. Kuna visa vya unajisi tulivigundua hivyohivyo, binti amekuja kutafuta tembe. Duka halina mahali pa kuuliza.

Malezi ni yako, na sitaki kukunyang'anya. Lakini wanaokuja kwangu si mabinti wa shule peke yao. Wengi ni wake za watu wenye watoto wanne.

Famasi_Mwanza

Salaam kutoka Kanda ya Ziwa. Mimi nauza dawa, niko kaunta, kwa hiyo naongea ninachokiona.

Mleta uzi yuko sahihi kuhusu kauli za wauzaji. Lakini kuna kosa kubwa zaidi ambalo sijaona mtu akilitaja: hatuulizi mteja anatumia dawa gani nyingine. Mtu wa kifua kikuu aliye kwenye rifampisini, mtu wa kifafa aliye kwenye fenobabitoni au kabamazepini, ini lake linaivunja P2 haraka na dozi ya kawaida haitoshi. Miongozo ya nje inaelekeza aongezewe dozi mara mbili, miligramu 3, au bora zaidi awekewe kitanzi (koili) cha shaba. Wanaomeza dolutegraviri kwa HIV hawana shida hiyo, ila waliokuwa kwenye efavirenzi walikuwa nayo. Na mwanamke mwenye mwili mkubwa, P2 humfanyia kazi kwa udhaifu. Maswali mawili tu pale kaunta, na hayachukui dakika.

Kingine. Hapa kwetu Septemba 2018 wizara ilisimamisha matangazo ya uzazi wa mpango ya redio na televisheni yaliyokuwa yakirushwa na mradi wa shirika, siku chache baada ya Rais wa wakati ule kusema hadharani kwamba wanawake waache hizo njia wazae. Dawa zilikuwepo, maelezo yakanyamaza. Nilichokiona dukani ni kwamba wateja hawakupungua, walizidi kuja na habari za uongo. Dada mmoja alikuja akiwa ameshakunywa majivu na soda. Ndiyo maana sikubaliani sana na "serikali ichukue". Ikichukua, siku kiongozi akibadilika mawazo unakwenda wapi?

MwanaMalindi

Famasi_Mwanza, asante kwa hilo la kifafa. Huku Kilifi wagonjwa wa kifafa ni wengi, na fenobabitoni ndiyo wanayopewa zahanati nyingi. Binti wa namna hiyo akienda dukani hakuna anayemuuliza. Kwenye zahanati faili lake liko rafuni, nyuma yangu.

Kuhusu kiongozi kubadilika mawazo: kweli kabisa. Lakini mfadhili naye ana kiongozi, na kiongozi wake mimi simpigii kura. Wa kwangu nampigia. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inanipa haki ya afya ya uzazi, na inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Nikinyimwa na kaunti, nina mahali pa kwenda kushtaki. Mradi ukifungwa namshtaki nani?

tausi_07

naomba kuuliza, mama anayenyonyesha anaweza kumeza?

MwanaMalindi

Anaweza, tausi. Levonorgestreli haimdhuru mtoto wala haikaushi maziwa. Akija kwangu nitamwambia pia kwamba kama hajaanza njia nyingine, siku hiyohiyo tunaweza kuanza nayo.

Kivu243

Jambo kwenu wote. Mimi niko Bukavu, nafanya kazi na kikundi cha wamama wanaopokea waliobakwa.

Nawasoma mkisema kaunti inunue, serikali ichukue. Huku kwetu serikali gani? Goma ilianguka mikononi mwa waasi mwisho wa Januari 2025, Bukavu Februari. Daktari Mukwege alipofungua hospitali ya Panzi 1999 ilikuwa vita, na leo ni vita. Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu watu 25,166 wa ubakaji Kongo mwaka 2023 peke yake. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya wawili kwa kila saa moja, na hao ni wale waliofika kwao. Kwa mwanamke aliyetoka msituni, aliyetembea usiku mbili kujificha, saa 72 zimeisha kabla hajaona barabara.

Kwetu lile sanduku la dawa za aliyebakwa, lenye tembe za HIV, za mimba na za magonjwa ya zinaa, linatoka Umoja wa Mataifa na mashirika. Likichelewa uwanja wa ndege, hakuna mwingine. Mwaka 2025 lilipokosekana tuliona wamama wakirudishwa na karatasi. Msiyaambie mashirika yaondoke. Hapa ndiyo hospitali yenyewe.

MwanaMalindi

Kivu243, pole kwenu, na asante kwa kuandika. Kwa penye vita hoja yangu haisimami, nakubali. Serikali ikiwa imevunjika, shirika ndilo linaloshika roho za watu.

Ila yaliyowapata 2025 ndiyo ninayoyaogopa: sanduku likawa na mlango mmoja, na mlango ukafungwa ng'ambo. Penye vita hilo halina dawa ya haraka. Kilifi hakuna vita. Kuwa na mlango mmoja hapa ni uzembe wetu wenyewe. Naomba utuambie kitu kimoja kama unaweza: vile vikundi vya wamama, vinaruhusiwa kukaa na tembe vijijini, au ni hospitali tu?

Kivu243

Pengine vinaruhusiwa, pengine hapana, inategemea shirika na daktari wa eneo. Mahali ambako mama wa kijiji alikuwa na tembe na amefundishwa, mtu anameza siku ileile, halafu anapelekwa hospitali kwa mengine. Tofauti ni kubwa sana. Mimba ya ubakaji huku inamfukuza mwanamke kwake mara mbili, mara ya pili na mtoto mgongoni.

DadaLeicester

Niko Uingereza mwaka wa kumi na kitu, ila nimezaliwa Tanga. Nataka kuongeza upande wa huku maana wengi mnadhani Ulaya haya yameisha zamani.

Uskoti walianza kuitoa bure kwenye famasi 2008, Wales 2011. Uingereza yenyewe, England, ilikuwa bahati yako unaishi wapi. Hapa bure, mtaa wa pili unalipa. Shirika moja la hisani, BPAS, likaanzisha kampeni kuhusu bei. Mwaka 2017 maduka kama Tesco yakashusha hadi pauni 13.50. Famasi za Boots, wakubwa kuliko wote, walikuwa wakiuza pauni 28.25, na walipoandikiwa barua wakajibu kwamba hawataki kuonekana wanachochea matumizi yasiyofaa. Watu walikasirika mno, kampuni ikaomba radhi ndani ya siku chache na kuahidi ya bei nafuu. Mnaona? Hoja ya BabaKisauni, kwa heshima zote, ilikuwa ikitolewa na kampuni inayouza.

Oktoba 2025 ndipo huduma ya afya ya taifa ikaanza kuitoa bure kwenye famasi karibu 10,000 za England. Unaingia, mfamasia anakupeleka chumba kidogo, maswali machache, unapewa. Imechukua miaka, na shirika halikugawa tembe hadi mwisho wa dunia. Lilipiga kelele hadi serikali ikalipa.

MwanaMalindi

DadaLeicester, umenisaidia kuliko ulivyodhani. Huo ndio mgawanyo ninaoutaka. Na ile habari ya chumba kidogo, wenye maduka ya dawa mnaosoma uzi huu, ni pazia tu na kiti. Hamhitaji mfadhili kwa pazia.

NeemaK

Mimi nina dukuduku na hayo mashirika mnayoyasifu. Nilijitolea na moja, jina silitaji. Fedha nyingi zilikwenda hotelini, semina juu ya semina, posho, picha za wasichana wakishika mabango. Kila robo mwaka tulijaza idadi ya "waliofikiwa". Msichana aliyekuja ofisini Ijumaa saa kumi na moja jioni aliambiwa arudi Jumatatu, afisa wa vijana ametoka. Kwenye ripoti alihesabiwa amefikiwa.

MwanaMalindi

Pole, Neema. Nimeyaona na mimi ya namna hiyo, na nimeona pia yaliyo kinyume: afisa wa mradi aliyekuwa akiacha simu yake wazi usiku, anapanda bodaboda na pakiti kwenye mkoba hadi Marafa, kwa mshahara usiofika wangu. Yanategemea mtu, na ndiyo shida. Ripoti zao zinahesabu vichwa. Ningependa mfadhili mmoja tu aulize swali moja: kutoka tukio hadi tembe kumezwa, saa ngapi zilipita? Hiyo safu sijawahi kuiona kwenye fomu yoyote ya mradi. Kwenye fomu ya serikali ya aliyebakwa kuna tarehe na saa ya tukio, na tarehe na saa ya kuonwa. Takwimu zipo kwenye makabati yetu, hakuna anayezijumlisha.

Kitu kingine, maana hisani ina sura nyingi. Vijijini hospitali ya karibu mara nyingi ni ya misheni, na zinatuokoa kwa mengi, uzazi, malaria, upasuaji. Za Kikatoliki hazitoi P2 kwa anayetaka kupanga uzazi, kwa imani yao. Haki yao ya imani naiheshimu. Lakini kaunti isiandike kwenye ramani kwamba eneo lile "lina huduma" ilhali hiyo moja haipo. Na anayekataa kutoa amwambie mtu papo hapo aende wapi. Kumkalisha foleni hadi saa nane ndipo umwambie "hatutoi" ni kumla asilimia zake.

BabaKisauni

Dada, nimerudi. Bado sijaridhika na neno "bure kwa kila mtu" kwa watoto wa miaka 13. Lakini hili la mlango kufungwa na kumuuliza binti huyo mwanamume ni nani sikuwa nimelifikiria. Kama zahanati itauliza hivyo, naona afadhali zahanati kuliko duka.

MwanaMalindi

Nashukuru, baba. Mtoto wa miaka 13 akija, kwangu hiyo moja kwa moja ni kesi ya unajisi, na huduma yake ni zaidi ya tembe. Hapo wewe mzazi nitakutafuta, isipokuwa nikigundua aliyemfanyia yuko nyumbani kwake.

Bi_Lamu

Nawasoma tangu jana. Sisi tuko kisiwani, boti ikikosekana ndiyo basi. Kuna kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti kinakuja na wanawake wa kikundi chetu wataka kwenda. Tukisimama pale tuseme nini? Tukisema "P2" wanaume watacheka.

MwanaMalindi

Bi Lamu, msianze na P2. Anzeni na ibara ya 43, someni kwa sauti, hasa pale pa matibabu ya dharura. Halafu ulizeni maswali yanayojibika, mtake yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kwenye orodha ya dawa ambazo kaunti imeagiza mwaka huu, levonorgestreli miligramu 1.5 imo? Dozi ngapi, na za zahanati zipi? Mtajiwe kila zahanati ya kisiwani kwa jina lake, wasiwaambie "zote". Fedha zake ni za kaunti au za mradi, na mradi unaisha lini? Kabati la dawa za dharura usiku linafunguliwa na nani? Koili ya shaba, ambayo inafanya kazi kuliko tembe hadi siku ya tano, kuna muuguzi anayejua kuiweka, au mpaka mtu avuke bahari?

Nendeni na mwanamume mmoja anayeheshimika, hata imamu akikubali habari ya waliobakwa peke yake ni mwanzo. Na pelekeni yaleyale kwa maandishi, nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri siku hiyohiyo. Karatasi isiyo na muhuri watasema hawakuiona.

Nitumie ujumbe wa faragha nikupe mfano wa barua tuliyoandika huku. Kama kuna mtu wa Kwale au Tana River anayetaka, nayo ni yake.